Friza Inagandisha, Chini Kuna Joto: Kabla Hujalipia Gesi

Dada mmoja wa Kirumba, Mwanza, ana friji ya milango miwili aliyoinunua mtumba, ile aina isiyoganda barafu. Friza ya juu inagandisha nyama mpaka inakuwa jiwe, lakini chumba cha chini kimepoteza baridi: maziwa yanachacha kwa siku moja, mboga zinanyauka, na ule mvumo wa ndani aliouzoea hausikiki tena. Fundi amekuja, akagusa bomba la nyuma, akasema gesi imeisha, ijazwe. Dada anauliza: ajaze, au aachane nayo anunue nyingine? Na kama ni kununua, achukue ya mtindo gani, maana anachukua sato na sangara soko la samaki la Mwaloni kwa ajili ya kukaanga jioni, na pembeni anauza juisi?

Dada, pesa ya gesi ibaki mkononi kwanza. Kwa maelezo yako, gesi ipo.

Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya jiko. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote. Kompresa, ile pampu ya chini nyuma, inaisukuma, inapita kwenye mabomba ya nyuma au yaliyofichwa ubavuni na kutoa joto, inapenya kapilari, ambayo ni bomba jembamba sana la shaba, kisha inatokea kwenye evaporeta, yaani mabomba ya ndani yanayotengeneza baridi. Huko inachemka kwa ubaridi na kunyonya joto la chakula, halafu inarudi kwenye kompresa. Friji ambayo haijatobolewa inaweza kutembea miaka 15 na zaidi na gesi ileile ya kiwandani. Gesi ikipungua maana yake kuna tundu, na kujaza bila kutafuta tundu ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Lakini kwako hata dalili ya tundu haipo, kwa sababu friji isiyo na gesi haiwezi kufanya nyama iwe jiwe.

Friji nyingi za aina yako zina evaporeta moja tu, nayo imejificha ndani ya friza, nyuma ya ule ukuta wa plastiki wenye matundu. Chumba cha chini hakitengenezi baridi yoyote. Kinapelekewa: feni iliyo nyuma ya ukuta huo inavuta hewa kwenye evaporeta, nyingine inaibakiza juu, nyingine inaishusha chini kupitia njia ya hewa na kilango kidogo kinachofunguka na kufunga. Kwa hiyo juu kukiwa na baridi na chini joto, swali la kuuliza ni moja: kwa nini hewa haishuki?

Anza na feni. Fungua mlango wa friza, tafuta swichi ndogo ya pembeni inayobonyezwa na mlango ukifungwa, uibonyeze kwa kidole. Kwenye friji nyingi feni husimama mlango ukifunguliwa na huanza ukibonyeza hapo. Sikiliza, weka kiganja kwenye matundu. Kukiwa kimya, subiri kama dakika 40 ujaribu tena, kwa sababu friji inapokuwa kwenye zamu ya kuyeyusha barafu feni na kompresa hupumzika. Ikibaki kimya, ama mota ya feni imekufa ama mapanga yake yameshikwa na barafu. Kwa friji ya mtumba iliyotumika miaka, barafu ndiyo ya kushukiwa mwanzo.

Hii barafu inatoka wapi, wakati friji inaitwa isiyoganda? Hewa yetu ya kando ya ziwa imebeba unyevu. Kila mlango ukifunguliwa unyevu unaingia, na kitu cha kwanza unachokishika ni evaporeta, kwa kuwa ndiyo baridi kuliko vyote. Huko unaganda. Friji za aina hii hazizuii kuganda. Zinaificha barafu nyuma ya ukuta, kisha zinaiyeyusha zenyewe. Kila baada ya saa kadhaa za kazi, kwa kawaida kati ya 6 na 12, taima inazima kompresa na kuwasha hita iliyo chini ya evaporeta. Barafu inayeyuka kwa dakika 20 au 30, maji yanashuka kwenye mfereji, yanapita kwenye bomba hadi kwenye trei iliyo juu ya kompresa, na joto la kompresa linayakausha. Kimoja kikishindwa katika mlolongo huo, barafu ya leo inakaa juu ya barafu ya jana mpaka mapezi ya evaporeta yanazibwa na hewa haipiti. Friza inaendelea kugandisha kwa sababu imeegemea barafu yenyewe. Chini kunakufa.

Kuthibitisha hakugharimu kitu. Hamisha chakula, chomoa plagi, acha milango yote miwili wazi kwa saa 24, tandika matambara chini. Usichokoe barafu kwa kisu. Evaporeta ni ya alumini laini, na tundu dogo la ncha ya kisu ndilo litakalokuletea tatizo la gesi ambalo sasa huna. Wala usiweke jiko la mkaa mbele ya mlango ili iyeyuke haraka: plastiki ya ndani inapinda, na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua watu. Saa 24 zikitimia, kausha, washa, ipe siku nzima nyingine bila kuijaza.

Chini kukipoa vizuri wiki moja au mbili halafu tatizo likarudi, umeshapata jibu: mfumo wa kuyeyusha barafu umekufa. Chini kukigoma siku ileile wakati friza imeshapoa, angalia feni na kile kilango cha hewa.

Hatua inayofuata mpe fundi, ila simama umwone anavyoifanya. Baada ya tatizo kurudi na kabla ya kuyeyusha tena, plagi ikiwa imechomolewa, afungue skrubu za ukuta wa nyuma wa friza. Mara nyingi zimefunikwa kwa vifuniko vidogo vya plastiki. Kinachoonekana nyuma yake kinasema karibu kila kitu. Evaporeta ikiwa imefunikwa yote, juu hadi chini, kwa barafu nyeupe nene kama pamba iliyoshindiliwa, gesi ipo na kuyeyusha ndiko kulikokufa. Ukiona barafu kwenye kona moja tu ambako bomba jembamba linaingia, na sehemu nyingine ya evaporeta ni kavu, hapo ndipo neno la gesi lina haki ya kutajwa: ama imepungua ama kapilari imeziba. Fundi aliyegusa bomba la nyuma bila kufungua ukuta huu hajaona kitu.

Sasa vipimo, kwa mita ya mkononi ya fundi. Hita ya friji ya nyumbani kwa umeme wa voliti 230 huwa ya wati 150 hadi 200 hivi, na hiyo inasoma kati ya omu 260 na 350. Mita isiposoma kitu kabisa, hita imekatika. Karibu na hapo kuna fyuzi ya joto, inayokata umeme mara moja tu na kwa kudumu hita ikizidi moto. Ikiwa imekatika ibadilishwe, isiunganishwe kwa waya. Kuna mafundi wanaoipitisha waya, friji inafanya kazi, na siku bimetali ikigoma kuzima hita hakuna kitu kinachozuia plastiki kuwaka.

Bimetali yenyewe ni kile kitufe cha duara chenye nyaya mbili kilichobanwa kwenye bomba la evaporeta. Hapa wengi wanakosea. Kikiwa na joto la chumba kimefungua, hakipitishi umeme, na hivyo ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Ukikipima mkononi utasema kimekufa na kumbe kizima. Kifunge kwenye mfuko mdogo mkavu, kizamishe kwenye barafu iliyopondwa na kuchanganywa na chumvi nyingi, subiri dakika kumi, pima. Sasa kinatakiwa kipitishe. Kisipopitisha, hicho ndicho.

Taima ya zamani ina mfuo ambao bisibisi bapa inauingia. Friji ikiwa inafanya kazi, taima izungushwe polepole mpaka ilie tak: kompresa inanyamaza na hita inaanza kupata joto. Kama ukiizungusha kwa mkono inayeyusha vizuri, lakini ikiachwa haifiki hapo yenyewe, mota ya taima imekufa. Friji za karibuni hazina taima. Zina bodi na sensa, na hapo fundi anahitaji kujua vipimo vya sensa ya toleo hilo. Ukienda dukani kununua kifaa chochote kati ya hivi beba cha zamani. Taima mbili zinaweza kufanana sura na kutofautiana mpangilio wa pini.

Wakati ukuta umefunguliwa, mimina nusu lita ya maji ya vuguvugu kwenye mfereji wa chini ya evaporeta, kisha nenda nyuma uangalie kama yametoka kwenye trei. Yasipotoka, bomba limeziba kwa ukoko au barafu, na ukiyakuta maji yamejikusanya chini ya droo za mboga sababu ni hiyohiyo. Kazi ya dakika tano ambayo mafundi wengi huiruka.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: tengeneza. Hita, bimetali, taima na feni ni vifaa vya bei ndogo ukilinganisha na friji, na vyote vinabadilishwa bila kugusa gesi. Kisichofaa kutengenezwa ni kitu kingine: tundu lililo ndani ya povu la kuta, kwa sababu kulifikia ni kuvunja friji, au kompresa iliyoungua kwenye friji ambayo mpira umekatika na mlango umelegea. Gharama ikipita nusu ya bei ya friji mpya ya ukubwa huohuo, acha.

Na siku fundi atakapokuwa na sababu ya kweli ya kujaza gesi, kazi yenyewe ina utaratibu. Tundu litafutwe kwa kujaza naitrojeni na kupaka povu la sabuni kwenye viungo, lichomelewe, filta draya (kichujio kinachonyonya unyevu) ibadilishwe, mfumo ufyonzwe hewa kwa pampu ya vakyumu si chini ya nusu saa, kisha gesi ipimwe kwa mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha friji. Kibandiko kikisema R600a iingie R600a, kikisema R134a iingie hiyo. Hazibadilishani. R600a ni gesi inayowaka, gramu zake ni chache sana, mara nyingi kati ya 30 na 80 tu, na upande wake wa kuvuta unaweza kuwa na shinikizo dogo kuliko hewa ya nje, kwa hiyo ukiwa na tundu unavuta hewa na unyevu ndani badala ya kutoa gesi nje. Anayekadiria kwa kushika bomba hawezi kupatia. Pia asichomelee bomba lenye R600a ndani. Itolewe nje kwanza mahali penye upepo. Na ukikuta kibandiko kinasema R12, friji hiyo ni ya zamani mno: nchi zinazoendelea zilimaliza kutumia gesi za kundi hilo mwaka 2010 chini ya Itifaki ya Montreal.

Nikigusia matatizo mengine, nianze na umeme, kwa kuwa kwetu ndio muuaji mkuu wa kompresa kuliko uzee. Kompresa ya kawaida inahitaji nguvu kubwa ya sekunde moja ili ianze. Umeme ukiwa mdogo, voliti 180 au chini, inaunguruma bila kuzunguka, inapata moto, kisha kifaa kidogo cha pembeni kinachoitwa ovalodi kinakata. Baada ya dakika chache kinarudisha, inaunguruma tena, kinakata tena. Ukisikia tik, mngurumo, tik, na friji haipoi, zima mara moja. Pima umeme kwenye soketi friji ikiwa inajaribu kuanza, maana soketi isiyo na mzigo inaweza kuonyesha voliti 220 na ikashuka hadi 170 mzigo ukiingia. Ikishuka hivyo, tazama ekstensheni kwanza: waya mwembamba wa mita kumi unaotumika pia na pasi hautoshi friji. Umeme ukiwa mzuri na tik ikaendelea, chomoa rilei, kile kifaa cha ubavuni kinachoisaidia kompresa kuanza, na uitikise. Ikilia kama njuga, kile kidonge cha ndani kimevunjika, na rilei mpya ni rahisi. Mwisho ndipo kompresa ipimwe: pini zake tatu zisomwe mbilimbili, na kipimo kikubwa kabisa kiwe sawa na jumla ya viwili vidogo. Pini yoyote ikiwasiliana na mwili wa kompresa, imeungua.

Umeme ukikatika na kurudi papo hapo ni hatari kwa sababu nyingine. Kompresa ikisimama, upande mmoja wa mabomba una shinikizo kubwa na mwingine dogo, na inachukua dakika tatu hadi tano kusawazika. Ikilazimishwa kuanza kabla ya hapo inagoma na kupata moto. Nunua kile kilinzi cha friji cha kuchomeka kwenye soketi, kinachokata umeme ukiwa mdogo au mkubwa na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Hakikisha kinasubiri dakika tatu kweli: chomeka, hesabu kwa saa ya simu. Bonde la Ziwa Victoria lina radi nyingi mno, na kilinzi hicho hakizuii radi. Mawingu yakijaa upande wa ziwa, chomoa plagi.

Mpira wa mlango upime kwa noti ya shilingi elfu moja. Ibane kati ya mpira na friji, funga, vuta taratibu. Inatakiwa ishike. Zunguka mlango mzima, hasa kona ya chini upande wa bawaba, ambako noti huteleza kwanza. Mpira mchafu uoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Uliopinda ulainishwe kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto, mlango ufungwe na kubanwa usiku kucha. Uliochanika ubadilishwe.

Mabomba ya nyuma yasafishwe kwa brashi kila miezi mitatu, na kama uko karibu na maji fanya mapema zaidi kipindi wale wadudu wa ziwani wanapokuja kwa mawingu, kwani wakivutwa na taa hujibandika kila mahali penye vumbi. Acha sentimita 10 nyuma ya friji na tano kila ubavu. Friji zisizo na mabomba ya nje zina joto ubavuni. Hilo ni kawaida, ila usizibananishe na kabati.

Mchicha ukiganda chini, ni kinyume cha tatizo lako: kilango cha hewa kimebaki wazi au sensa inadanganya. Friji ikifanya kazi bila kupumzika na huku inapoa, tafuta joto linaloingia, yaani mlango, jiko lililo karibu, au sufuria la maharage lililowekwa likiwa bado linatoa moshi.

Sasa mtindo. Watu huanza na idadi ya milango, na mimi naona ni mwanzo mbaya. Anza na kitu utakachoweka, kisha umeme wa mtaa wako.

Kwa juisi, maziwa, mboga na mabaki ya chakula, friji uliyo nayo ikitengenezwa inatosha. Samaki ni habari nyingine. Kwanza, sato anayechukuliwa alfajiri na kukaangwa jioni hahitaji friza kabisa. Anahitaji barafu ya kuponda: kasha lenye ukuta mnene, tabaka la barafu, tabaka la samaki, tabaka la barafu, na tundu la chini la kutoa maji. Barafu inayoyeyuka inashika samaki kwa nyuzi 0 haraka kuliko friji yoyote ya nyumbani, kwa sababu inamgusa pande zote. Friza ni kwa wale utakaowaweka siku kadhaa, pale wanapokuwa bei rahisi.

Kwa hao nunua friza ya kulala, ile ya kifuniko cha juu, ya lita 150 hadi 200. Hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto: ukifungua kifuniko cha juu baridi inabaki chini, ukifungua mlango wa mbele inamwagika miguuni. Ndiyo maana friza ya kulala hudumu na baridi muda mrefu zaidi umeme ukikatika. Ikiwa imejaa na haifunguliwi, chakula hukaa kimeganda hadi saa 48. Ikiwa nusu, kama saa 24. Chumba cha friji ya kawaida hakivuki saa nne. Nafasi iliyo tupu ndani ya friza ijaze chupa za maji, ukiacha vidole vitatu juu kwa ajili ya kutanuka. Hizo ndizo akiba yako ya baridi. Friza hii haina hita wala taima, na sangara mzima anaingia bila kukatwa vipande vidogo. Kazi yake ni moja: barafu ya kuta ikifika unene wa sentimita moja, izimwe na kuyeyushwa.

Kabla ya kulipa soma kibandiko cha nyuma, si bango la dukani. Tafuta uwezo wa kugandisha, unaoandikwa kwa kilo kwa saa 24. Lita 200 hazimaanishi kilo nyingi kwa siku. Kushusha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 0 ni kazi ndogo; kuyageuza yaliyofika 0 yawe barafu ni kazi kubwa mara tatu ya hiyo. Ukitupa kilo 20 za sato wenye joto kwenye friza ya kilo 8 kwa siku, wa katikati wataanza kuharibika kabla baridi haijawafikia, na waliokuwa wameganda wataanza kulainika. Toa matumbo na mashavu, osha, wapoze kwenye barafu ya kuponda kwanza, kisha wagandishe kwa mafungu, mmoja mmoja au bapa, wakigusa ukuta. Wakishaganda ndipo uwarundike.

Tafuta pia herufi za hali ya hewa. N imetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST nyuzi 38, T nyuzi 43. Mchana wa Mwanza nje unaweza kuwa nyuzi 28 tu, lakini jikoni chini ya bati pamoja na jiko la mkaa ni hesabu nyingine. Chukua ST au T. Nyota kwenye friza nazo zina maana: moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni 12, tatu ni 18, na nne ni 18 pamoja na uwezo wa kugandisha chakula kibichi. Kwa samaki chukua nne. Kwa mtumba, kibandiko lazima kisome voliti 220 hadi 240 na 50Hz. Za Marekani husoma 115 na 60Hz, na kuzitumia hapa kwa transfoma ni kujitafutia gharama.

Mitindo mingine niipitie upesi. Mlango mmoja wenye kifriza kidogo ndani: inafaa chumba cha watu wawili, haifai biashara. Friza chini na friji juu: nzuri kwa nyumba, kwa vile unachofungua mara nyingi kiko usawa wa macho. Milango miwili ya kusimama sambamba: inapendeza, ila friza yake ni nyembamba, sangara hakai, na inakula nafasi na umeme. Friji ya kioo ya soda inapoza vinywaji tu; samaki usimweke. Aliye kisiwani bila gridi atafute friza ya umeme wa jua ya voliti 12 au 24 inayofanya kazi moja kwa moja na betri, bila inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) katikati.

Kati ya isiyoganda barafu na inayoganda, mahali ambapo umeme unakatika mara kwa mara ningependelea inayoganda: vifaa vya kuharibika ni vichache na baridi inakaa. Isiyoganda inafaa anayefungua mara nyingi na asiye na muda wa kuyeyusha. Kompresa ya inveta, ile inayobadili kasi yake kwa bodi ya umeme, huanza taratibu na huvumilia umeme mdogo, lakini bodi yake haivumilii umeme mkubwa, kwa hiyo kilinzi si cha hiari.

Hesabu umeme pia. Lebo ikisema uniti 240 kwa mwaka, gawa kwa 12, ni 20 kwa mwezi, na jikoni penye joto zitazidi. Kama mita yako ya LUKU iko kwenye kundi la matumizi madogo la uniti 75 kwa mwezi, jumlisha kwanza unazotumia sasa. Ukiwa kwenye 60, friza inaweza kukutoa kwenye kundi hilo, na ukitolewa gharama itapanda kwa uniti zote, zikiwemo za taa na pasi. Weka hilo kwenye bei ya samaki wako kabla ya kununua.

Siku ya kubeba, hasa kama nyumba iko juu kwenye mawe na wabebaji watapanda nayo begani, isimame wima kadiri inavyowezekana. Ikilazwa, mafuta ya kompresa yanaingia kwenye mabomba. Iweke wima na uiache bila kuwasha kwa muda usiopungua ule iliokuwa imelala. Ikilala safari nzima, iache hadi kesho yake. Iwashe ikiwa tupu. Kwa friji tia kipimajoto ndani ya glasi ya maji katikati ya chumba cha chini usiku kucha: asubuhi isome nyuzi 4 au chini kidogo. Kwa friza weka kipimajoto katikati ya chupa zilizoganda, kisome 18 chini ya sifuri. Ikifika hapo, ingiza fungu la kwanza la samaki.